Kisu Kilichowahi

Jumatano, 3 Julai. Mtongwe, Likoni

Daftari hili ni la binti yangu Jalila. Alilianza kwa hesabu, kurasa nne, kisha akalichoka, kama anavyochoka na kila kitu cha hesabu. Leo amenitilia mkobani pamoja na kalamu mbili. "Baba, huko porini kwenu simu haishiki. Andika, ukirudi tusome." Nikamuuliza mchinjaji ana nini cha kuandika. "Andika ulichochinja," akasema, akacheka.

Basi nianze. Mimi ni Rashad, mchinjaji wa hapa Mtongwe, miaka hamsini na miwili, goti la kulia bovu. Huu ni msimu wa tisa nakwenda Tanzania kwenye kambi ya wawindaji, kuanzia Julai mpaka mvua za vuli zitufukuze. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku kabla sijajua kusoma. Kule upo kwa kibali. Wageni wanatoka Ulaya na Amerika kupiga swala wa namna namna: nyamera, tohe, kongoni, kuro. Pembe ni zao, nyama ni yetu.

Lakini mpigaji si mwenzetu wala hasomi bismillahi, kwa hivyo mnyama akifa kwa risasi peke yake ni kibudu, na watu wa kambi karibu wote ni Waislamu. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Risasi ikilia, nakimbia. Namgusa mnyama jicho kwa ncha ya kidole. Likipepesa, yu hai bado, namchinja, watu wanakula. Lisipopepesa, nawaambia amekufa, na siku hiyo ni maharage. Hakuna anayenikagua. Wanakula kwa neno langu.

Safari hii nakwenda na shemeji, Ahmad, ndugu wa mke wangu Mwanatatu. Alikuwa akipakua makontena kwenye yadi moja ya Changamwe, yadi ikafungwa, na tangu Januari amekaa Chaani akihesabu malori yanayopita. Nimemwombea kazi ya kuchuna ngozi. Ana mikono mizuri na mdomo mzuri zaidi.

Alasiri mama yao, Bi Mwanakombo, alikuja kutoka Chaani. Nilimwamkia, akaitikia, lakini kukaa hakutaka.

"Rashad, nimezaa wanne, mwanamume aliyebaki ni huyu. Nakukabidhi mkononi, na nitamtaka mkononi."

"Inshallah, mama."

"Inshallah ni ya Mungu, naye hajanidanganya. Mimi nataka neno lako wewe."

Nikampa.

Jumamosi, 6 Julai. Njiani

Tumelala Tanga. Goti limevimba. Ahmad amekula sambusa sita na anasema za Chaani ni bora.

Jumatano, 10 Julai. Kambini

Kambi ni ile ile, kando ya kinamasi, magharibi ya Tabora, siku nzima ya gari kutoka lami inapokatika. Matete mbele, miombo nyuma. Masika yalizidi mwaka huu na maji hayajashuka. Penye kiwanja cha kukaushia nyama mwaka jana leo pana vyura.

Abubakar yupo, mwindaji mwenye leseni, mtu wa Tabora, maneno yake machache. Ndiye anayemwongoza mgeni, na amri yake ni moja: hakuna kumsogelea mnyama mpaka aseme yeye. Hashim wa Ujiji yupo, msoma nyayo. Na Kefa, dereva wetu, mtu wa Musoma, Msabato, kwa hivyo tukipata ngiri hakuna wa kumla ila mgeni.

Ijumaa, 12 Julai

Tohe. Hai.

Jumapili, 14 Julai

Nyamera. Hai. Damu iliruka mpaka kwenye viatu vya mgeni, akarudi nyuma hatua tatu. Ahmad alimchuna bila kutoboa ngozi hata mahali pamoja. Nilijisikia vizuri, kama kwamba mikono ile nimeiumba mimi.

Jumatatu, 15 Julai

Hakuna kitu. Upepo.

Ijumaa, 19 Julai

Kongoni. Nilichelewa. Niligusa jicho, kimya, nikawaambia. Maharage.

Jumatatu, 22 Julai

Nyamera. Nilichelewa tena. Penye matope goti halitaki amri. Hashim ameniuliza Mombasa maharage yana majina mangapi, manake mwaka huu atayajua yote. Watu wakacheka, nami nikacheka.

Ijumaa, 2 Agosti

Kongoni. Hai.

Jumanne, 6 Agosti

Kongoni wa tarehe mbili hakuwa hai. Nimekaa na neno hili siku nne na halishuki, bora nilitie hapa.

Tulikuwa tumekula maharage siku sita mfululizo. Juzi yake nilimsikia Abubakar akimwambia Kefa, bila ubaya wowote, kwamba msimu ujao labda watafute mchinjaji palepale Tabora, mwenye nguvu zake. "Mzee wa watu, miguu imemchoka." Nilikuwa nyuma ya turubai nachambua mchele. Niliendelea kuchambua.

Basi risasi ilipolia nilikimbia kuliko nilivyokimbia miaka yote tisa. Nilipofika nilikuwa nahema hata sioni vizuri. Nikagusa jicho. Halikupepesa. Nikagusa tena. Nyuma yangu Hashim anakuja akitwanga matope, anauliza, "Vipi, mzee?" Mdomo wangu ukasema, "Hai." Nikasoma bismillahi juu ya mfu, nikakata. Damu ilitoka kidogo, nzito. Nikamgeuza kichwa kielekee mteremkoni ili ionekane inatiririka. Miaka thelathini nachinja, na ujanja huo sikufundishwa na mtu, ulikuja wenyewe.

Walikula watu kumi na wanne. Mimi nilisema tumbo linaniuma. Ahmad alinitazama nikinywa uji.

Ijumaa, 9 Agosti

Tohe. Hai, kweli.

Jumanne, 13 Agosti

Nyamera. Nilisema hai.

Jumamosi, 17 Agosti

Kongoni. Nilisema hai.

Jumapili, 18 Agosti

Kefa amerudi kutoka mjini na salamu alizozisoma kwenye simu. Jalila amepata thelathini na moja kwa hesabu. Raihana, mke wa Ahmad, anasema watoto wazima. Mama anauliza kama Ahmad amenenepa. Ahmad ameniambia nimjibu kwamba shemeji anamlisha vizuri. Alisema hivyo akinitazama usoni, na sikujua nitazame wapi.

Ijumaa, 23 Agosti

Nilisema hai. Imekuwa rahisi sasa. Hilo ndilo linalonitisha.

Alhamisi, 29 Agosti

Leo nimeaibika, na aibu imebebwa na mwengine.

Nyamera alianguka mbali, ng'ambo ya mkono wa maji. Mpaka nivuke, mnyama alikuwa amekwisha zamani. Nikasema nilichozoea kusema. Tulipomfikisha kambini Hashim akamshika shingo, akaiachia, akaja karibu yangu kwa adabu, sauti ya chini, lakini wengine waliacha kazi zao wakasikiliza.

"Mzee, nisamehe, wewe ni mkubwa wangu. Shingo hii imekaza, na damu sikuiona. Alikuwa hai kweli?"

Kabla sijafungua mdomo, Ahmad akainuka na kisu chake cha kuchunia mkononi. "Mimi nilikuwa karibu yake. Wallahi alikuwa hai. Wallahi, miguu ilikuwa ikitapatapa." Aliapa mara tatu.

Hashim akainamisha macho. Kisha akaniomba radhi. Yeye, mimi!

Baadaye tulikuwa wawili tu, tunapaka ngozi chumvi. Ahmad hakupandisha sauti.

"Shemeji, n'mekuapia uongo kwa jina la Mwenyezi Mungu."

"Najua."

"Najua wajua. Sikwambii ukakiri. Ukikiri watakufukuza, na mimi n'tafukuzwa pamoja nawe, na Raihana n'kamwambie nini? Lakini usinirudishe pale tena."

"Ni goti, Ahmad."

"Basi miguu n'tatoa mimi. N'kimbie mbele, n'mshike mnyama asiondoke, wewe uje na kisu."

Nikamwambia kama ni hivyo akichukue kisu chenyewe, achinje yeye. Akatikisa kichwa. "Wakiona kisu mkononi mwangu watauliza wewe una nini. Kuchinja kwako, kushika kwangu."

Jumanne, 3 Septemba

Tohe. Ahmad alimshika. Hai, kweli. Nimekula nyama kwa mara ya kwanza tangu yule tohe wa Agosti.

Ijumaa, 6 Septemba

Kongoni. Hai. Abubakar alikunja uso. Alimwambia Ahmad mnyama mwenye pembe hashikwi hivyo, kwamba hata tohe hutoboa. Ahmad akamwitikia vizuri. Jioni sufuria ilijaa, na Abubakar aliongeza mchuzi mara mbili.

Jumatano, 11 Septemba

Nyamera. Hai. Kwato imempata Ahmad mbavuni. Anasema si kitu.

Jumatatu, 16 Septemba

Tohe. Hai. Nilikuwa namwona Ahmad mtoto wa mama, mtu wa maneno na mizaha. Leo nilimtazama akimlalia yule tohe shingoni, anamsemesha polepole, "Tulia baba, tulia, mwenyewe aja." Mwenyewe ni mimi, nachechemea huko nyuma. Sijui kama mimi ningemfanyia mtu haya.

Jumamosi, 21 Septemba

Joto. Watu wa vijijini wamechoma matete ng'ambo na moshi umetukalia siku tatu. Pembe ya kongoni imemchana Ahmad mkono, kidole kizima urefu wake. Si kitu, anasema. Nilikuwa nimwambie aache. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Kisha Hashim akanisogezea mahali pa kukaa pale penye kivuli, akanimiminia chai kwanza mimi kabla ya wote, kama zamani. Nikaketi, nikainywa.

Jumatano, 2 Oktoba

Maji yanashuka. Matope yaliyobaki yananuka. Wanyama wote wanakuja kwenye kidimbwi kimoja kirefu na bado mgeni amekosa risasi nne.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mgeni wa mwisho wa msimu amefika, mzee wa makamo yangu na zaidi, mikono inamtetemeka. Anataka kuro tu, mwenye pembe ndefu. Kuro, nyama yake inanuka. Kefa anasema hata ikiwa halali inataka imani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Maharage. Mawingu yanajikusanya upande wa machweo, hayanyeshi.

Jumanne, 15 Oktoba

Maharage, siku ya tisa. Watu hawasemezani. Ahmad anahesabu siku za kurudi. Amemnunulia mama yake kitenge Tabora kupitia kwa Kefa na amenionyesha mara tatu.

Jumapili, 20 Oktoba

Ahmad amekufa Alhamisi. Naandika kila kitu, hata kile ambacho sitaki.

Alfajiri mgeni alimpiga kuro dume kando ya kidimbwi. Tulisikia risasi ikimpata. Kuro akaingia kwenye matete. Abubakar akatungoja, kisha tukafuata damu, yeye mbele na bunduki, Hashim akisoma njia, mimi na Ahmad nyuma, Kefa akabaki na mgeni penye gari. Tulimkuta amelala ndani ya maji ya kifundo, shingo imenyooka, kidevu kwenye matope. Mbavu zilikuwa zikipanda na kushuka. Abubakar akainua mkono tusimame. Angeweza kummaliza kwa risasi ya pili, na hiyo ndiyo desturi yake kwa mnyama mkubwa. Akanigeukia.

"Yu hai, mzee. Namaliza, au unamtaka?"

Aliniuliza mimi. Siku kumi na moja hatujala nyama. Niliwafikiria watu wale kambini. Nilifikiria na chai ile ya kwanza kumiminiwa, nisijidanganye. Nikasema, "Namtaka."

Ahmad hakungoja. Alikwenda kwa upande wa nyuma, kama alivyozoea, akazishika pembe zote mbili akaegemea. Kuro akainuka. Sikuwahi kuona mnyama aliyelala vile akainuka vile. Alitikisa kichwa mara moja tu, upande. Ahmad akarushwa kwenye matete, akakaa kitako, mkono ameuweka pajani.

Abubakar akapiga. Kuro akaanguka tena.

Nilimtazama Ahmad. Alinitazama. Akasema, "Si kitu, shemeji. Wahi."

Nikawahi. Hatua nane au tisa. Goti sikulisikia. Nikapiga magoti majini, nikagusa jicho. Likapepesa. Likapepesa waziwazi, mara mbili. Nikasoma bismillahi, Allahu akbar, nikakata, na damu ikaruka mpaka kifuani pangu, nyekundu, moto. Hashim alikuwa amesimama juu yangu. Akasema, "Mashallah, mzee. Leo umewahi."

Nilifurahi. Lazima niliandike hili, kwa sababu ndilo lililo kweli kuliko yote. Kwa muda wa kufuta kisu nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kisha nikageuka. Ahmad alikuwa amelala ubavu na maji yaliyomzunguka yalikuwa mekundu, na yule kuro alikuwa upande mwengine. Pembe ilikuwa imeingia ndani ya paja, juu, penye mshipa mkubwa. Abubakar alitupa bunduki. Alimfunga kwa mshipi wake, akaita gari. Sijui zilipita dakika ngapi. Mbili, labda tatu. Zilikuwa zake, nami nilizitumia kwa kuro.

Garini Hashim alimpakata. Mimi nilikaa mbele na Kefa. Nafasi nyuma ilikuwepo. Nilijiambia mikono yangu imejaa damu ya mnyama, nitamtia najisi, na nikawa naisugua kwa maji ya chupa, nasugua, na Kefa anaendesha na machozi yanamtoka. Nilimsikia Ahmad akiuliza kama tumefika lami. Baadaye nilimsikia Hashim akimsomea shahada, na Ahmad akiifuata mpaka katikati.

Lami ilikuwa bado mbali.

Tulimzika Ijumaa kwenye kijiji cha kwanza chenye msikiti. Imamu alikuwa mtu mpole. Watu wasiomjua walimbeba kwa zamu.

Jumatano, 23 Oktoba

Kuro hakuliwa. Halali kuliko nyama zote za msimu, na Hashim alisema haitii mdomoni, na wote wakasema hivyo hivyo. Fisi walimaliza. Kilichobaki ni kichwa, ambacho mgeni alisema hakitaki, na jana amesema anakitaka. Abubakar akauliza kwa sauti ya kuona haya nani atakichuna, manake mchunaji hatuna. Nimekichuna mimi. Nimetoboa ngozi mara tatu.

Nilipomaliza nilimfuata Hashim nikamwambia yote: kongoni wa Agosti, nyamera, kiapo cha Ahmad. Alikuwa anafunga mizigo. Hakuacha kufunga.

"Nilijua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu wa kwanza. Tulikuwa na njaa sote, nikasema dhambi iwe yako. Siku ile nilipouliza, nilitaka tu uniambie. Ungeniambia mimi, ningenyamaza."

Mvua imeanza. Kubwa.

Jumanne, 29 Oktoba. Mtongwe

Nimefika. Simu ilitangulia, kwa hivyo kilio kilikuwa kimekwisha pita, na mimi nilifika penye ukimya. Mwanatatu alinipokea mkoba, akakaa chini mlangoni, akauweka mapajani. Jalila ameniuliza daftari. Nimemwambia limelowa mvua, halisomeki.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimekwenda Chaani. Raihana amekaa eda, alinisalimia nyuma ya pazia, sauti haina maji. Nilimpa Bi Mwanakombo kitenge na viatu vya mwanawe. Alivipanga viatu ukutani, sambamba, kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Ulimshika?"

"Nilimshika, mama."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akaushika mkono wangu wa kulia, akaubusu. Mama mkwe wangu, mkono wangu. Nilirudi nyumbani kwa miguu mpaka goti likakataa.

Ijumaa, 8 Novemba

Sijachinja tangu nirudi. Nimewaambia machinjioni naumwa. Mvua.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua. Bassam, mwenye bucha ya karibu na msikiti, amekuja kuniuliza nitarudi lini, wateja wanaulizia nyama ya mkono wangu. "Watu wanakuamini wewe," anasema. Nimemwambia goti.

Jumanne, 19 Novemba

Bi Mwanakombo ametuma habari. Arobaini itakuwa Jumatatu, kuna mbuzi, na achinje Rashad.

Jumatatu, 25 Novemba

Ilinyesha usiku kucha na uani kwa Ahmad palikuwa matope matupu. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye bomba la maji, beberu mwekundu. Wanawake wanachambua mchele barazani, wanaume wachache wameshakuja, jirani Faraj mwenye duka akikoka moto chini ya mabati. Malori ya bandarini Kipevu yalikuwa yakipita njia ya juu na kila moja likipita, sufuria zinalia.

Bi Mwanakombo alitoka na kisu changu. Mwanatatu ndiye aliyekileta, alikifunga kwa kanga safi. Mama akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Chinja wewe, Rashad. Mkono uliomshika mwanangu ndio n'naoutaka."

Nilikipokea. Nilimwendea mbuzi hatua mbili. Beberu akanitazama, jicho la njano, akapepesa. Nikageuka.

"Mama, sikumshika."

Nikaendelea, kwa kuwa kama ningenyamaza hapo nisingesema tena maisha yangu yote. Nilimwambia mbele za watu. Nilivyodanganya watu wakala kibudu. Ahmad alivyoniapia, na kwa nini alikimbia mbele. Nilivyoulizwa na Abubakar nikasema namtaka. Ahmad alivyokaa kitako na mkono pajani, na mimi nikampita. Nilimwambia na kwamba nilifurahi. Kule barazani mchele ukanyamaza. Nyuma ya pazia la dirisha nilijua Raihana amesimama, nikasema kwa sauti ili naye asikie, asije akaambiwa na mwengine.

"Alisema nini?" Mama aliuliza.

"Alisema, si kitu, wahi."

"Ukamwamini."

"Nilitaka kumwamini."

"Nani aliyempakata?"

"Mtu wa Ujiji. Hashim."

Alilirudia jina hilo chini chini, mara mbili, kama mtu anayejifunza. Kisha akauliza, "Na huyo mnyama, mlimla?"

"Hapana, mama. Hakuna aliyemla."

Lori likapita. Tulingoja lipite sote. Mwanatatu alikuwa amesimama mlangoni, Jalila ubavuni mwake, na sikuweza kuwatazama. Nilingoja Bi Mwanakombo anifukuze, na nilikuwa nataka anifukuze, ningeshukuru.

Akanyoosha mkono, akakichukua kisu kutoka mkononi mwangu, akampa Faraj.

"Chinja wewe," akamwambia. Mimi akaniambia bila kunitazama, "Wewe shika."

Nilipiga magoti matopeni, goti bovu kwanza. Nilimlaza beberu upande wake wa kushoto, nikamwelekeza kibla, nikaegemea shingo yake kwa kifua kama nilivyomwona Ahmad akifanya Septemba nzima. Miaka thelathini nachinja, sijawahi kushika; kila siku mimi ndiye niliyekuja na kisu mwengine ameshashika. Sikujua kwamba moyo wa mnyama unausikia kifuani mwako. Sikujua kwamba anakusukuma kwa nguvu zote na huwezi kumwachia. Nilimsemesha. Nilimwambia tulia, baba, tulia.

Faraj akasoma bismillahi. Nilimshika mpaka miguu ikaacha, na baada ya kuacha nikaendelea kumshika. Mtu akaniambia basi, imetosha, nami sikuachia. Bi Mwanakombo ndiye aliyeinama mwisho, akanifungua vidole kimoja kimoja, akaingia ndani.

Jioni nilimpa Jalila daftari lake, hili nililosema limelowa. Alilipindua, akaliona kavu, akanirudishia na kalamu nimalizie.